Waja leo waondoka leo: kazi za nishati na sisi wa Tanga

Jana jioni kama saa kumi na moja hivi nilikua Deep Sea, pale wanapotia nanga wavuvi hapa Tanga, kwa kijana mmoja anayechaji betri za wavuvi wa dagaa, mimi ni fundi sola, nilienda kumbadilishia chaji kontrola (kile kifaa cha kuongoza chaji ya paneli) iliyoungua nikajikuta nimekaa mpaka magharibi inaadhiniwa. Wanakuja mmoja mmoja, huyu kabeba betri ya N70 begani kaifunga na kipande cha wavu, huyu kapakia mbili kwenye baiskeli, wanasalimiana, wanauliza "zimeshiba?" Kijana anagusisha mitha, volti 12.7, anasema chukua hii imeshiba. Nyingine inasoma 12.3, anasema hapana kaka hii bado, ukiondoka nayo saa nane usiku taa zitaanza kufifia uko katikati ya bahari. Elfu mbili mkononi, au unaandikwa kwenye daftari utalipa ukirudi na mzigo.

Mimi nimekulia kwenye karabai, zile taa za mafuta ya taa za kupampu. Baba yangu mdogo alikua anavua dagaa kwa karabai na mimi nimelelewa kwake, najua bei ya mafuta ya taa ilivyokua inapangia nyumba yetu tule nini. Utambi ukipata tone moja la maji ya chumvi umesambaratika, kioo kinapasuka, usiku mzima mtu anapampu, asubuhi anarudi macho mekundu kwa moshi na hesabu ikipigwa mafuta yamekula nusu ya dagaa. Usiku wa giza la mwezi ukisimama Raskazone ulikua unaona taa za njano zimejipanga baharini kama kuna mji mwingine huko. Sa hivi mji uleule upo ila taa zake nyeupe, LED, taa ya wati 50 kwa masaa nane inakula kama nusu ya N70 na hapo nusu ndo unapotakiwa uishie ili betri idumu. Huyu kijana ana paneli sita za wati 200, jua la Tanga kuanzia saa nne mpaka saa tisa linamtosha kurudisha betri saba nane kwa siku, masika anachomeka Tanesco kwa kusaidia. Ameajiri mwenzake mmoja. Anasomesha mdogo wake.

Hii ni kazi ya nishati safi jamani. Hakuna aliyeikatia utepe na sidhani kama ipo kwenye takwimu ya mtu yeyote. Shirika la kimataifa la nishati jadidifu, IRENA, lilihesabu kazi milioni 16.2 za nishati jadidifu dunia nzima kwa mwaka 2023, karibu nusu yake China, na Afrika nzima hatukufika hata laki nne. Bara zima! Na jua lote hili. Nilivyosoma ile namba nikawaza yule kijana wa Deep Sea kama kahesabiwa, nikajijibu mwenyewe.

Sasa nieleze kwa nini naandika. Mdogo wangu wa kiume karudi nyumbani mwezi uliopita, mkataba umeisha. Ni mchomeleaji, na ni mzuri kwelikweli nasema hivi sio kwa sababu ni mdogo wangu, alikua kwenye kazi za bomba la mafuta ghafi, lile la kutoka Hoima Uganda mpaka hapa kwetu Chongoleani. Aliondoka nyumbani na begi moja akarudi na begi moja na simu nzuri na cheti, na mama kamwekea ubwabwa, tumekula, baada ya hapo kakaa barazani kimya. Nikamuuliza sasa inakuaje. Akaniambia, "Dada, mimi nataka kazi, iwe ya mafuta iwe ya jua mimi sijali, nataka kazi ambayo mwakani bado ipo."

Hiyo sentensi imenikaa kichwani wiki nzima. Wa Tanga wote tunaujua ule msemo wa mji wetu, waja leo waondoka leo, sisi tunausema kwa raha kuhusu wageni. Ila kazi nazo zimekua hivyo. Zinakuja leo zinaondoka leo.

Wacha nieleze kidogo kuhusu bomba maana watu wanaligombania bila kulijua. Ni kilomita 1,443, na kati ya hizo 1,147 ziko ndani ya Tanzania, kwenye mkoa wetu linapita Kilindi, Handeni, Korogwe, Muheza mpaka Tanga jiji. Mafuta ya Uganda ni mazito yana nta, yakipoa yanaganda, ndo maana bomba lenyewe lazima lipashwe joto njia nzima yabaki juu ya nyuzi 50. Jiwe la msingi liliwekwa hapa Chongoleani Agosti 2017, Magufuli na Museveni walikuwepo, nakumbuka mji ulivyofurika siku ile na vibanda vya chakula vilivyoota ghafla. Wenye hisa kubwa ni TotalEnergies ya Ufaransa asilimia 62, Uganda 15, TPDC, shirika letu la mafuta, 15, Wachina wa CNOOC 8. Mwaka 2022 mwezi wa tisa Bunge la Ulaya likapitisha azimio la kulipinga, haki za watu na mazingira, likataka kazi isimamishwe mwaka mzima itafutwe njia nyingine, na mabenki na makampuni ya bima kadhaa yakasema hayaweki mkono. Bunge la Uganda likajibu kwa hasira, na kwetu huku vijiweni ikawa ni kelele moja, Wazungu hawataki tuendelee.

Mimi nipo katikati na sioni aibu kusema hivyo. Siwezi kumwambia mdogo wangu kazi yake ilikua dhambi wakati nchi zinazomhubiria zimejengwa na makaa na mafuta kwa zaidi ya karne na bado zinachoma. Na siwezi pia kujifanya sioni. Mvua za Oktoba 2019 zilivyopiga Handeni, watu wakafa na barabara ikakatika, shangazi yangu alikaa siku nne hana mawasiliano. Pangani mjini wamelazimika kujenga ukuta kuzuia bahari isiile nchi kavu. Mwishoni mwa 2023 tukawa kwenye mgao, mafriji ya samaki yanazima mchana, halafu miezi ileile mvua za El Nino zinasomba nyumba za watu. Mtu anayeniambia tabianchi ni hadithi za wazungu namwomba aje Deep Sea aongee na wazee wa bahari, wamuelezee pepo za kaskazi na kusi zilivyokua zikija na zinavyokuja sa hivi.

Ila tuwe wakweli kuhusu siasa zake. Kwenye mkutano wa tabianchi wa Copenhagen mwaka 2009 nchi tajiri ziliahidi dola bilioni 100 kila mwaka kwa nchi masikini ifikapo 2020, zikafika 2022, na sehemu kubwa ilikua mikopo. Yaani jirani kawasha moto umeshika nyumba yako halafu anakukopesha ndoo ya maji. Kwenye mkutano wa Baku mwaka 2024 zikaahidi bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035, wakati nchi zetu zilikua zinataka trilioni 1.3. Na Marekani, hiyo ndo inachosha kabisa, 2015 imo kwenye makubaliano ya tabianchi ya Paris, Trump akatangaza kutoka 2017, Biden akarudisha 2021, Trump akaingia tena Januari 2025 siku ya kwanza tu kasaini kutoka tena. Hukohuko kwao 2022 wakapitisha sheria ya kumwaga mabilioni kwenye viwanda vya sola na betri na magari ya umeme, watu wakaajiriwa, viwanda vikajengwa, Julai 2025 sheria nyingine ikakata sehemu kubwa ya ile misamaha ya kodi. Sasa fikiria fundi wa Marekani aliyeacha kazi yake akasomea sola. Yeye na mdogo wangu hawajuani lakini yaliyowakuta ni mamoja, kazi yako iko mkononi mwa mtu aliye mbali anayebadilisha nia kila uchaguzi.

China wao walikaa chini wakaamua. Leo zaidi ya asilimia 80 ya utengenezaji wa paneli duniani, hatua zote, uko China. Kila paneli niliyowahi kupandisha juu ya bati Tanga hii nimegeuza mgongo nikasoma ilikotoka, sijawahi kukuta pengine. Kwa hiyo tukisema kazi za nishati safi tujue tunaongelea ipi. Ya kiwandani iko kule. Iliyobaki huku ni kufunga, na kufunga ni siku mbili tatu, ukimaliza unashuka ngazi unalipwa unaenda. Ndo kazi yangu mimi, miaka tisa sasa, na mwanamke juu ya paa bado watu wanasimama kuangalia.

Ila ipo kazi ya tatu, haihamishiki kwenda China wala haifi mkandarasi akiondoka, nayo ni kutunza na kutengeneza. Na hiyo ndo hatuipi hela.

Niwasimulie nilichokiona. Mwezi wa nane niliitwa zahanati moja upande wa Pangani, sitaitaja. Nesi kanipigia mwenyewe, namba yangu kapewa na mwenye duka la dawa, ananiambia dada umeme wa jua umekufa mwaka sasa tunazalisha kwa tochi ya simu. Nikapanda bodaboda na begi langu. Kufika nakuta paneli nane juu ya paa nzuri kabisa, vumbi tu na kinyesi cha ndege, kibao cha mradi kimesimama nje rangi bado inang'aa. Ndani kwenye chumba cha betri nikafungua kufuli, harufu ikanipiga. Betri nne za maji zimepangwa chini. Nikafungua vifuniko, nikamulika, sahani ziko wazi, kavu, nyeupe kama zimepakwa chokaa. Maji hakuna. Nikamuuliza nesi mara ya mwisho mlijaza lini, akaniangalia, akasema, "Kwani zinajazwa?"

Hakuna aliyemwambia. Waliofunga walikuja na gari mbili, wakapiga picha, wakakabidhi funguo kwa mwenyekiti wa kijiji wakaondoka. Maji ya betri hayafiki elfu tano kwa lita. Juu ya paa nako zile soketi za kuungia nyaya zimeota kutu ya kijani ndani, hewa ya chumvi ya pwani hii haina huruma, ukivuta waya unakatikia mkononi kama uzi uliooza, na hilo nalo dawa yake ni grisi kidogo na kukaza vizuri siku ya kwanza, basi. Betri tatu nilishindwa. Moja ikaamka, nikawawekea taa mbili za chumba cha kujifungulia. Nilirudi Tanga usiku nimejaa hasira sikuweza kula. Mradi wa mamilioni umekufa kwa kukosa lita chache za maji na mtu wa kijijini palepale aliyefundishwa nusu siku.

Na hayo nimeyakuta sehemu nyingi, shule, visima vya pampu za sola, msikiti mmoja kule njia ya Tongoni. Kila nikiuliza bajeti ya matengenezo iko wapi naambiwa mradi ulishafungwa. Neno hilo, mradi umefungwa, mimi nalichukia. Jua halijafungwa.

Watu wananiambia hela hakuna. Mimi sikubali, na ushahidi upo hapahapa Tanga. Mamlaka yetu ya maji, Tanga Uwasa, mwaka 2024 iliuza hatifungani ya kijani, yaani ilikopa kwa watu kwa ajili ya mradi wa mazingira na kuwalipa riba, ilitaka bilioni 53.12 za kitanzania, miaka kumi, riba asilimia 13.5 kwa mwaka, kwa ajili ya kupanua mradi wa maji, na watu wakanunua hadi ikavuka lengo, asilimia 103. Haikusubiri Baku wala Washington. Kama mamlaka ya maji ya mji wetu imeweza, kwa nini halmashauri zisikae chini kufikiria mfuko wa kutunza sola za zahanati na shule? Hata bila hatifungani, shilingi kidogo kwenye kila mradi, itengwe siku ya kusaini, ikae mahali isiguswe, jina lake matengenezo.

Na vitu vyetu wenyewe tumeviacha. Mkonge. Mkoa huu umeishi kwa mkonge zaidi ya miaka mia, jani likipita kwenye korona, ile mashine ya kukamua mkonge, nyuzi unayopata ni kama asilimia 4 ya jani, iliyobaki yote ni takataka inatupwa inaoza na kutoa gesi hewani. Pale Hale ulishajengwa mtambo wa kuyageuza hayo mabaki kuwa gesi na gesi kuwa umeme, kilowati 150, zaidi ya miaka kumi na tano iliyopita, wageni walikua wanatoka nchi za mbali kuja kuutazama. Ukipita njia ya Segera kuja Tanga angalia mashamba kulia kushoto halafu fikiria kila shamba lingekua na mtambo wake mdogo, lingehitaji mafundi wangapi, wa bomba za gesi, wa jenereta, wa kuchanganya mabaki. Mdogo wangu na uchomeleaji wake angekua na kazi mpaka azeeke. Hale hiyohiyo ina umeme wa maji tangu miaka ya 60, megawati 21, na chini yake Pangani Falls mpya 68, mto mmoja huo unaotoka Kilimanjaro na Meru. Umeme safi sio mgeni kwetu, tulikua nao kabla hata hawajaupa hilo jina.

Serikali naipongeza inapostahili. Bwawa la Nyerere kule Rufiji megawati 2,115, mgao umepungua tunauona kwa macho. Mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 mpaka 2034, lengo asilimia 80 ya Watanzania waachane na kuni na mkaa, mama Samia kaenda nao mpaka Paris, safi sana, mimi mwenyewe nimepikia kuni nikiwa mdogo najua kifua kinavyowaka. Ila kila nikisikia hotuba nasikia mitungi na majiko yanagawiwa, sisikii fundi. Jiko la umeme likiharibika Mkinga nani analitengeneza? Regyuleta ikivuja Kilindi unaipeleka wapi? Bila fundi karibu mtu anarudi kwenye mafiga yake ndani ya mwezi na mimi siwezi kumlaumu.

Tukirudi kwenye bomba. Kwenye ujenzi kazi zilikua maelfu, likianza kusukuma mafuta litahitaji watu wachache mno, mabomba yote duniani yako hivyo. Kwa hiyo hapa Tanga tuna wachomeleaji, mafundi umeme, wapima, wasimamizi wa usalama, vijana wetu wenyewe waliofundishwa kwa viwango vya juu kabisa kwa hela ya mafuta, na wengi wako barazani kama mdogo wangu au wako njiani kurudi. Anayepinga bomba Ulaya na anayelitetea Dodoma wote wawili wanasema wanawapigania hawa. Basi waje wawachukue. Wawape miezi mitatu ya sola na betri, VETA, chuo cha ufundi, ipo hapahapa mjini, wawagawe kwenye kata, kila kata ya mkoa huu fundi wawili wenye mshahara wa halmashauri kazi yao kuzunguka na mitha na spana na dumu la maji ya betri. Kule Kinyasini Unguja wanafundisha akina mama wa vijijini, wengine hawakusoma sana, wanafunga na kutengeneza sola wenyewe kwenye vijiji vyao. Sasa kijana aliyechomelea bomba la kilomita elfu atashindwa nini.

Mdogo wangu tumeanza naye. Kanichomelea fremu za paneli kumi za mabati ya zinki, kona zimekaa sawasawa, maungio kayasugua akayapaka rangi mara mbili maana nilimwambia chumvi ya hapa inaanzia palepale ulipochoma. Yule kijana wa Deep Sea kachukua fremu nne, anataka kuongeza paneli kabla giza la mwezi ujao halijaanza.

Jumamosi narudi kule zahanati, safari hii naye. Tumepata betri mbili za mtumba ambazo bado nzima, nimezipima siku tatu mfululizo hazishuki. Nimenunua lita kumi za maji ya betri na kopo la grisi, na nimemwandikia nesi kwenye karatasi kubwa, kwa herufi kubwa, nitaibandika ukutani juu ya betri: JAZA KILA TAREHE MOJA. Nimemwomba awepo na yule mlinzi wa usiku pia, nataka wafungue vifuniko wenyewe kwa mikono yao nikiwa nimesimama pembeni. Kanijibu watakuwepo, saa tatu asubuhi.